Mnasihi Mwanafunzi Asiishie Upanga

Kutoka Kisarawe mjini hadi Maneromango ni kilometa 54. Ukijumlisha na safari ya kutoka Upanga, Dar es Salaam, kupitia Pugu, umbali wote haufiki kilometa 100. Hata hivyo, wanafunzi wa shahada ya uzamili katika saikolojia tiba na unasihi wanapotafutiwa mahali pa mazoezi ya vitendo na utarajali, barua nyingi za utambulisho huelekea katika hospitali kubwa za jiji, na chache husogea hadi Tumbi, Kibaha. Kituo cha afya cha kata kama Maneromango hukumbukwa pale tu nafasi za mjini zinapokwisha.

Desturi hiyo ina sababu zake. Mjini kuna madaktari bingwa wa afya ya akili, wagonjwa ni wengi, na mwalimu anaweza kutoka ofisini na kumkuta mwanafunzi wake wodini bila kupanda basi. Hakuna anayeweza kuzidharau hoja hizo. Tatizo ni kwamba hoja zote tatu zinamhusu mwanafunzi na mwalimu wake. Mgonjwa hatajwi. Na mpango wa mazoezi ambao haukumfikiria mgonjwa tangu mwanzo huishia kumuumiza, hata kama kila aliyeupanga alikuwa na nia njema.

Tuseme yupo mama wa miaka 34, mkulima wa mihogo na mwenye mikorosho michache, anayefika kituoni kwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili akilalamika kichwa, moyo kwenda mbio na usingizi kukatika. Kipimo cha haraka cha malaria hakioneshi kitu. Shinikizo la damu liko sawa. Anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike, naye anajua kwamba hana pa kupumzikia. Siku hiyo yupo mnasihi mwanafunzi. Mama anaketi naye, na baada ya dakika 40 anasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Wiki inayofuata anarudi. Wiki ya tatu anarudi tena, na anaambiwa dirishani kwamba yule dada wa chuo amemaliza muda wake.

Kwa chuo, mwanafunzi huyo amefaulu. Daftari lake la mazoezi limejaa saa, mhuri upo na sahihi ipo. Kwa mama, lililobaki ni siri iliyoondoka na mgeni. Mara ya nne hatakuja, au atakuja na kusema kichwa tu.

Hapa ndipo hesabu inapohitajika, kwa kuwa mipango mingi ya mazoezi huharibikia kwenye kalenda kabla haijafika kwenye taaluma. Marekani, chombo kinachoidhinisha programu za unasihi, CACREP, kinamtaka mwanafunzi wa uzamili atimize saa 100 za mazoezi ya awali, 40 kati ya hizo akiwa na wateja ana kwa ana, kisha saa 600 za utarajali, 240 kati yake zikiwa za wateja. Si lazima Tanzania ifuate vipimo vya Marekani, lakini vinafaa kama fimbo ya kupimia. Mwanafunzi anayeona wateja saa 20 kwa wiki hutimiza saa 240 kwa wiki 12. Kwa idadi hiyo ya wateja, kata yenye vijiji vyake na zahanati za jirani haitashindwa kumpa kazi.

Sasa hesabu hiyo itazamwe kwa upande wa mgonjwa. Tiba fupi za mazungumzo zilizopangwa kwa ajili ya huduma za msingi huhitaji vikao vipatavyo sita. Mfano unaojulikana zaidi Afrika ni ule wa Zimbabwe, ulioanzishwa na daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda huko Mbare, Harare, mwaka 2006, ambapo akina bibi waliofundishwa kazi hiyo huketi na mgonjwa kwenye benchi la nje ya kliniki na kumsaidia kupangua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliofanyika katika kliniki 24 kwa watu 573, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, ulionesha kwamba waliopata vikao hivyo walikuwa na dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa Kishona tatizo lenyewe huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri ndefu: ni yale yale ambayo mgonjwa wa Pwani huyaita mawazo.

Vikao sita vya kila wiki ni wiki sita. Mwanafunzi wa wiki 12 anayempokea mteja mpya katika wiki ya nane hatammaliza. Kwa hiyo mlango wake wa wateja wapya unapaswa kufungwa mwishoni mwa wiki ya saba, na wiki tano zilizobaki ziwe za kuwamaliza waliokwishaanza. Ni wangapi hufanya hivyo? Shinikizo la kujaza saa humsukuma mwanafunzi apokee watu hadi siku ya mwisho, na wale wa mwisho ndio wanaoachwa njiani.

Dawa ya jambo hili ni kupishana kwa zamu. Mwanafunzi wa kwanza akae wiki 12. Wa pili aingie mwanzoni mwa wiki ya 11, ili wiki mbili wawe pamoja. Na wengine wafuate hivyo hivyo. Kwa mpango huo wanafunzi watano tu wanatosha kukifanya kituo kimoja kiwe na mnasihi kwa wiki zote 52 za mwaka, bila pengo. Wanafunzi watano si mzigo kwa chuo chochote chenye programu ya aina hii. Kinachozuia ni mazoea ya kuwapeleka wote kwa pamoja wakati wa likizo ndefu, kuanzia Julai hadi Oktoba, kana kwamba watu huugua wakati wa kiangazi peke yake. Kwa Maneromango ndiyo kwanza miezi hiyo ina nafuu. Masika ndiyo inayosumbua, Machi hadi Mei, akiba ya chakula imepungua, bodaboda zinateleza kwenye tope na mgonjwa anafikiri mara mbili kabla ya kutoka kwake. Mwanafunzi asiyeona masika hajaiona kata.

Kuna jambo jingine ambalo vyuo hulisahau. Nchini Tanzania neno ushauri nasaha liliingia katika zahanati na vituo vya afya kwa njia ya UKIMWI. WAMATA ilianzishwa mwaka 1989 na watu walioguswa na ugonjwa huo. Baadaye vikaja vituo vya upimaji wa hiari, na kuanzia mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zikatolewa kwa mpango wa kitaifa. Wauguzi wengi walijifunza unasihi katika kozi fupi za upimaji, nao waliokoa maisha ya watu wengi. Lakini urithi huo una kivuli chake. Mgonjwa akiambiwa aende chumba cha mnasihi, majirani walioko kwenye benchi huelewa kwamba anakwenda kupima, au kwamba amekwisha kupima. Ndiyo maana benchi la Harare haliwezi kuhamishiwa Maneromango kama lilivyo na kuwekwa chini ya mwembe mbele ya geti. Kijijini, aliyekaa na mgeni kwa saa nzima hujulikana kabla hajafika kwake. Chumba chenye mlango unaofungwa, kilicho kwenye ujia mmoja na kliniki ya mama na mtoto, kina thamani kuliko kompyuta tatu za msaada.

Mwanafunzi naye asidhani kwamba anafika mahali pasipo na washauri. Uzaramo ni nchi ya makungwi na masomo. Mwali alifundwa, akachezwa ngoma, akatolewa chini ya mkole, na aliyemfunda alibaki mtu wake wa siri hata baada ya ndoa. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliandika juu ya mila za Wazaramo katika kitabu chake cha mwaka 1970, na anayekwenda kufanya utarajali huko angefanya vyema kukisoma kabla ya kuusoma mwongozo wa dodoso. Wapo pia waganga wa kienyeji, wapo masheikh, na upo usharika wa Kilutheri ambao mizizi yake ni misheni ya Berlin ya mwishoni mwa karne ya 19. Hata watani, wanaokuja msibani na kumchekesha mfiwa wakati hakuna mwingine anayethubutu, wanafanya kazi ambayo vitabu vya saikolojia vimeipa majina marefu. Mnasihi mwanafunzi anayewapita hawa wote bila salamu hupoteza nusu ya rufaa zake. Anayewakabidhi kila kitu naye hukosea, kwa kuwa somo akiwa shangazi wa mume, siri ya mke haina pa kukaa.

Usimamizi ndio mfupa mgumu. Madaktari bingwa hawatahamia Maneromango kwa ajili ya wanafunzi watano, na hakuna sababu ya kuwadanganya wasomaji kwamba watahamia. Linalowezekana ni usimamizi wa sehemu mbili. Mwalimu wa chuo atenge saa moja kila wiki kwa simu, kwa siku na saa isiyobadilika, apitie kila mteja mpya na kila mteja anayetia wasiwasi, kisha afike mwenyewe kituoni angalau mara mbili katika zile wiki 12, asije siku ya kutia sahihi tu. Kituoni awepo msimamizi wa kila siku: muuguzi au tabibu mwenye mafunzo ya afya ya akili, au afisa ustawi wa jamii. Huyu apewe barua rasmi, apunguziwe zamu, na alipwe. Chuo kinachopokea ada ya mazoezi kutoka kwa mwanafunzi na kumwachia muuguzi wa kata kazi ya kufundisha bila malipo hakina haki ya kushangaa mwanafunzi wake anapogeuzwa mpima uzito wa watoto na mwandika kadi. Msaada kidogo siku ya chanjo si dhambi. Ukiwa wa kila siku, saa 240 zinakuwa za kubuni.

Na yapo mambo ambayo hayasubiri simu ya wiki ijayo. Msichana wa darasa la sita akimwambia mnasihi kwamba baba wa kambo anamwingilia, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwenye taarifa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwanafunzi aliyeahidi siri kamili katika kikao cha kwanza amejifunga kamba mwenyewe. Mtu aliyekunywa sumu ya kuulia wadudu wa mikorosho akaokolewa anaamka akiwa na hofu mbili, kwa sababu Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mwanafunzi aliye Maneromango hawezi kusubiri mabadiliko ya aina hiyo nchini kwake. Anahitaji kujua, kabla ya siku yake ya kwanza, nani anapigiwa simu usiku, gari la wagonjwa linaitwaje, nini kinaandikwa katika kitabu cha MTUHA na nini kinabaki katika jalada lililofungiwa kabatini. Ukurasa mmoja uliobandikwa ndani ya mlango wa kabati unatosha, ilimradi namba zilizoandikwa ziwe zinapokelewa.

Gharama nayo isemwe waziwazi. Chumba, nauli, chakula na vocha vinamwangukia mwanafunzi, ambaye mara nyingi ni muuguzi au mwalimu aliyeacha familia ili asome. Ndiyo maana mwenye ndugu Tabata huchagua hospitali ya karibu na Tabata. Halmashauri ikitoa chumba kimoja katika nyumba za watumishi, na chuo kikatoa posho ndogo ya usafiri, sehemu kubwa ya kikwazo hicho inaondoka. Mazungumzo hayo ni kati ya mkuu wa idara na Mganga Mkuu wa Wilaya, na yafanyike kabla bajeti ya Julai haijafungwa.

Mgonjwa asibaki mtazamaji. Anayo haki ya kumuuliza mnasihi katika kikao cha kwanza: wewe ni mwanafunzi? Utakuwepo hadi lini? Nani mwingine atayasikia haya? Maswali hayo si utovu wa adabu, na mwanafunzi aliyeandaliwa vizuri huyajibu kabla hajaulizwa. Wiki ya 11 ikifika, anayeondoka na anayeingia waketi pamoja na mteja katika chumba kile kile. Mteja ndiye aseme nini kihamie kwa mgeni na nini kibaki, na jalada liandikwe mbele yake. Asiyetaka kuendelea na mtu mpya aandikiwe tarehe ya kuonana na msimamizi wa kituo, na jina la msimamizi huyo liandikwe kwenye kadi yake, kwa kalamu ya wino.