Amri ya Vazi

Wapo wenzetu wadaio kwamba sinema za zamani za nyimbo na mavazi ni burudani tu, na azichambuaye ajisumbua bure. Hatukubaliani nao. Tutwae Funny Face, sinema ya Marekani ya mwaka 1957 iliyoongozwa na Stanley Donen. Uzuri wake hatuukani: rangi zimepangwa kwa ustadi, uchezaji wa Fred Astaire ni wa fundi hasa, na mavazi ya Hubert de Givenchy yamemkaa Audrey Hepburn barabara. Lakini uzuri haukatazi swali.

Jo, binti auzaye vitabu mjini New York, ana fikra zake. Watu wa jarida la mavazi wavamia duka lake, wavuruga vitabu wapate kupiga picha, kisha wamwona ana sura ya kuuzika. Apelekwa Paris. Yeye ataka kumsikiliza mwanafalsafa amheshimuye. Wao wataka avae. Na watungaji wafanya nini? Wamgeuza mwanafalsafa huyo kuwa mkware, ili binti aone kuwa vitabu vilimdanganya, naye aishie katika vazi la arusi, mikononi mwa mpiga picha. Astaire alizaliwa mwaka 1899, Hepburn mwaka 1929.

La kuangaliwa zaidi li mwanzoni. Mhariri wa jarida, aigizwaye na Kay Thompson, aamuru wanawake wote wavae rangi ya waridi, naye mwenyewe hataki kuivaa. Hapo sinema yasema kweli, kisha yaisahau.

Kweli hiyo yatuhusu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza marufuku ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kwa jina la utamaduni wa taifa. Wale wa jarida walitafuta faida, hawa walitafuta heshima ya nchi, hatuwasawazishi. Hata hivyo, amri ya kuvaa na amri ya kuvua ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili huusemea mwili wa mwanamke pasipo kumwuliza mwenyewe.

Vazi haliwi la taifa kwa kuamriwa. Huwa la taifa kwa kupendwa na walivaao. Basi atakaye kuutetea utamaduni na aanze kwa kumwuliza mwanamke ataka nini, kisha alisikilize jawabu lake hata lisipompendeza.