Kodi ya RAM ilikwisha, kodi ya programu nzito bado inakatwa

Buluo, Likasi – Wakaaji wa Buluo hawajasahau kodi ya RAM. Kuanzia mwaka 2020, watu katika Kongo nzima waliona uniti zao zinapungua bila wao kumpigia mtu telefone: dola 7 kwa mwaka kwa mwenye telefone ya 3G au 4G. Watu walilalamika sokoni, redioni na hadi Bungeni Kinshasa, na mwaka 2022 kodi ile ikaondolewa.

RAM ile ilikuwa kifupi cha jina la Kifaransa la daftari la kuandikisha telefone. Lakini kila telefone ina RAM nyingine, yaani kumbukumbu yake ya kufanyia kazi. Hiyo nayo inatozwa kila siku, pamoja na nafasi ya kutunzia picha na pamoja na mega za mwenye telefone. Safari hii anayetoza si serikali. Ni watengenezaji wa programu, na wengi wao hawajui kwamba wanatoza.

Mfano wake hauko mbali. Shule inawaambia wazazi kwamba tangu sasa pointi za watoto na deni la masomo vitaonekana katika programu ya telefone. Mama anayeuza mboga kando ya barabara ana telefone ya giga 16, na sehemu kubwa yake imekwisha kuliwa na Android yenyewe. Anatumiwa faili kwa WhatsApp: mega 70. Anabonyeza, telefone inajibu kwamba nafasi haitoshi. Anafuta picha za ubatizo wa mtoto, anajaribu tena. Programu inaingia, inafunguka polepole kama lori la madini linalopanda mlima, kisha inajifunga yenyewe. Mwezi unaofuata linakuja toleo jipya, mega 70 tena. Na katika programu hiyo yote, kinachomhusu ni orodha ya masomo na tarakimu pembeni, maneno ambayo yangeenea katika ujumbe mfupi mmoja au miwili.

Mega hizo 140 zimetoka kwenye pesa ya mboga. Hapo ndipo kodi ilipo.

Uzito huu unatoka wapi? Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitangaza lugha ya Java kwa ahadi moja kubwa: programu iandikwe mara moja, ifanye kazi kwenye mashini ya kila aina. Ahadi hiyo ilifika hadi kwenye zile Nokia ndogo za vibonyezo, zilizocheza michezo ya Java. Wakati ule nafasi ilikuwa finyu na kila mtengenezaji aliijua. Baadhi ya Nokia zilikataa programu yoyote iliyozidi kilobaiti 64. Mtu alihesabu kila picha na kila mstari, kama msafiri anayejua kwamba mizani inamngoja mlangoni.

Leo ahadi ile ile inabebwa na lugha nyingine. Mojawapo inayopendwa na vijana ni Dart, iliyotangazwa na Google mwaka 2011, pamoja na Flutter, vifaa vyake vya kujengea programu, vilivyotoka rasmi Desemba 2018. Kijana anaandika mara moja, anapata programu ya Android na ya iPhone pamoja. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake na kompyuta moja, hiyo ni baraka, na hakuna sababu ya kumwambia arudi nyuma.

Ni kweli ahadi hiyo ina gharama. Flutter haitumii vibonyezo vya telefone yenyewe. Inabeba injini yake ya kuchora kila kitu kwenye kioo. Lakini mzigo huo si mkubwa. Watu wa Flutter wenyewe walipima mwaka 2021 wakakuta programu iliyo karibu tupu inahitaji kama mega 4.3 kuipakua kwenye telefone ya biti 32. Kutoka mega 4 hadi mega 70 ni safari ndefu, na safari hiyo si lugha iliyoitembea. Aliitembea mtengenezaji.

Aliitembea kwa maktaba. Watengenezaji huita maktaba yale mafungu ya msimbo yaliyokwisha kuandikwa na wengine, ambayo mtu anayachukua bure kwenye intaneti na kuyaunga katika kazi yake. Anataka tarehe ionekane vizuri, anaunga maktaba. Anataka mduara unaozunguka wakati mtu anangoja, anaunga nyingine. Anataka video moja ya salamu za mkurugenzi, anaunga tatu. Na kila maktaba inakuja na jamaa zake, maana nayo imejengwa juu ya maktaba nyingine. Ni kama mgeni aliyealikwa peke yake akafika na ukoo mzima. Flutter inajua kufyeka msimbo wa Dart usiotumika inapotengeneza faili la mwisho. Lakini picha, sauti na sehemu zilizoandikwa kwa lugha nyingine haifyeki hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni telefone ya mtu mwingine.

Uko pia uzembe mtupu. Mtu akitengeneza faili la Android kwa amri ya kawaida, Flutter inaweka ndani yake msimbo wa aina tatu za prosesa, wakati telefone inatumia aina moja tu. Kwenye Play Store jambo hilo lilipata dawa, maana tangu Agosti 2021 programu mpya zinapokelewa kwa mfumo unaompa kila mtu kipande kinachofaa telefone yake. Lakini watu wa Likasi hupeana programu kwa Xender, kwa WhatsApp na kwa kadi ya kumbukumbu, ili kuokoa mega. Huko faili nene linatembea na unene wake wote. Dawa ni neno moja la kuongeza kwenye amri, ili faili ligawanywe kwa aina ya prosesa. Wako hata wanaotuma faili la majaribio, ambalo ni zito na la polepole zaidi kwa sababu limebeba zana za kutafutia makosa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtengenezaji anajaribu kazi yake kwenye telefone nzuri, kwenye Wi-Fi ya ofisi, akiwa amelipwa na aliyemwagiza. Hasikii uzito. Anayeusikia ni yule wa mwisho kwenye mnyororo, na yeye hakuulizwa.

Mzigo huo unamwelemea pia mwanafunzi. Android Studio, zana ambayo masomo mengi ya intaneti yanaanza nayo, inadai kompyuta yenye RAM ya giga 8 na nafasi ya giga 8 kwenye diski, na hicho ni kiwango cha chini. Juu yake kuna Flutter. Juu yake tena, mtu anapojenga programu yake ya kwanza, zana zinakwenda kutafuta vitu vingine kwenye intaneti. Kijana wa Buluo ana kompyuta ya mitumba ya giga 4 na mega za kununua kidogo kidogo. Anaanza kutelesharje, yaani kupakua, usiku mega zinapokuwa nafuu. Delestaji inakata umeme katikati. Asubuhi anaanza upya. Baada ya mara ya tatu anaacha, akiamini kwamba akili yake ndiyo haikutosha. Kilichokosekana si akili, ni giga.

Na angeweza kuambiwa mapema kwamba njia nyingine ipo. Android Studio nzima si lazima. Kihariri chepesi kinatosha, pamoja na zana za Android za mstari wa amri tu, na telefone ya kweli iliyounganishwa kwa kebo badala ya ile telefone ya bandia inayomeza RAM. Mwalimu anaweza kupakua kila kitu mara moja kwenye diski moja, darasa zima likanakili. Zana za Dart zinajua kufanya kazi bila intaneti ikiwa maktaba zimekwisha kuwekwa kwenye kompyuta.

Atatokea mtu wa kusema kwamba maktaba zinaokoa kazi. Ni kweli. Hakuna mwenye busara atakayejiandikia mwenyewe msimbo wa kuficha siri za malipo. Kazi hiyo iachiwe maktaba zilizokaguliwa na wengi. Swali si kama maktaba zitumike, ni ipi inastahili uzito wake. Machi 2016 watengenezaji wa JavaScript walipata somo hilo hadharani. Mtu mmoja aliondoa kwenye ghala la npm maktaba yake ndogo iitwayo left-pad, mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno. Maelfu ya miradi ilishindwa kujengwa hadi irudishwe. Wengi wa walioathirika hawakujua kwamba wanaitegemea. Iliingia na ukoo wa maktaba nyingine. Programu iliyobeba vitu visivyojulikana na mwenyewe si nzito tu, ni tete.

Wala onyo si jipya. Mwaka ule ule wa 1995, Niklaus Wirth, Mswisi aliyeunda lugha ya Pascal, aliandika makala ya kuomba programu ziwe nyembamba. Alikumbusha kwamba kihariri cha maandishi kiliwahi kutosha katika baiti 8,000, na akaonya kwamba programu zinakuwa nzito kwa kasi kuliko mashini zinavyopata nguvu. Wirth alifariki tarehe 1 Januari 2024, na hoja yake bado haijapata jibu.

Wepesi ni faida hata kwa mfanyabiashara. Mwaka 2017 watu wa Google Play walieleza kwamba kila mega 6 zinazoongezwa kwenye programu zinaendana na kupungua kwa asilimia 1 ya wanaofikia kuiweka kwenye telefone. Na Kongo ina mfano wake mkubwa zaidi: M-Pesa, iliyoingia nchini mwaka 2012. Mamilioni ya pesa yanapita humo kwa kubonyeza nyota, tarakimu na alama ya reli, kwa ujumbe usiozidi herufi 182, kwenye telefone ya bei yoyote, bila mega hata moja. Mama wa mboga hana shida nayo.

Likasi ni mji wa madini, na mji wa madini unajua mizani. Hakuna mchimbaji anayekubali gunia lake lipimwe kwa macho. Kwa nini programu zipokelewe kwa macho? Shule, kanisa, kituo cha afya au chama kinachoagiza programu kiulize kabla ya kulipa: ina mega ngapi, imejaribiwa kwenye telefone ya giga 16, na kuna njia gani kwa asiye na nafasi? Walimu wa enformatike wahesabu uzito wanapotoa pointi, kama wanavyohesabu makosa. Na kijana anayejenga, kabla ya kuunga maktaba mpya, apime faili lake, aunge, apime tena, kisha ajiulize kama mama wa mboga angelipia tofauti hiyo kwa hiari yake.

Kodi ya RAM iliondoka kwa sababu watu waliiona ikikatwa. Hii nyingine itaondoka siku watakapoanza kuipima.