Kikombe cha Loliondo kiliisha, foleni haijaisha

Leo tuongelee presha na sukari. Najua wengi mnaopita hapa mna miaka ishirini na ushee na mnaona hayo ni magonjwa ya wazee. Subirini kwanza. Anayetumwa kwenda kununua ule unga wa "siku saba" ni wewe, na anayemsomea mama maelezo ya dawa kwenye simu ni wewe pia.

Tukumbushane ya 2011. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, wengi tukimjua kama Babu wa Loliondo, alianza kugawa kikombe pale Samunge, wilaya ya Ngorongoro. Bei sh 500. Dawa ilichemshwa kutoka kwenye mti unaoitwa mugariga, na maelezo yalikuwa kwamba unakunywa mara moja tu, basi: sukari, presha, pumu, kansa, hata ukimwi. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini, mawaziri walienda, Wakenya walivuka mpaka, na kuna wagonjwa waliofia kwenye foleni kabla kikombe hakijawafikia. Wapo pia walioacha ARV wakiamini wameshapona. Babu alifariki Julai 2021, na siku hizi Samunge hakuna msongamano.

Lakini ile foleni haijaisha jamani, imehamia kwenye simu. Fungua mtandao wowote utakutana na jamaa ana chupa mkononi na ushuhuda kibao chini yake. Wajanja wa mjini huwa wanamaliza ishu kwa kusema "watu wetu hawajasoma". Mimi nakataa. Walioenda Loliondo walikuwemo wenye digrii zao.

Nionavyo mimi, tatizo linaanzia kliniki. Mtu anakaa benchi toka alfajiri, anaonana na daktari dakika chache, anaambiwa "hii dawa utakunywa maisha yako yote", halafu dirishani anaambiwa dawa imeisha, akanunue nje. Muuza unga yeye anamkalisha, anamuuliza habari za watoto, anamwambia "mama utapona". Hebu niambie, wewe ungemsikiliza nani?

Na ukweli ni kwamba muuza unga hajatunga kila kitu. Mimea ina dawa, hilo halina ubishi. Dawa mseto ya malaria ina artemisinin, inayotoka kwenye mmea wa artemisia, na mama wa Kichina aliyeongoza ugunduzi huo, Tu Youyou, alipewa Nobel mwaka 2015. Metformin, kile kidonge cha sukari ambacho nusu ya wazee wetu wanacho kwenye kabati, historia yake inaanzia kwenye mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mfaransa Jean Sterne aliitangaza kama dawa ya sukari mwaka 1957. Hata rozela (wengine huita choya) ina kitu. Marekani walifanya utafiti uliotoka 2010, watu wakanywa vikombe vitatu vya chai yake kwa siku kwa wiki sita, presha ya juu ikashuka kwa wastani wa pointi 7 hivi. Wale waliopewa kinywaji cha kuigiza ilishuka kama pointi moja tu.

Sasa angalia hiyo 7. Mtu mwenye 150 inaweza kumsaidia. Mwenye 190 akishuka 7 bado yuko 183, bado yuko hatarini. Muuzaji hakwambii hesabu hiyo, anakwambia "inatibu presha", nukta.

Kwenye chakula ndiko kuna habari kubwa zaidi, na ndiko tunapopuuza. Mwaka 1997 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wa DASH: matunda mengi, mboga nyingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, mafuta kidogo. Hakuna dawa yoyote. Wenye presha, ile namba ya juu ilishuka kwa pointi kama 11. Hiyo inakaribia kazi ya kidonge. Halafu chumvi. WHO wanasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, chote, kuanzia asubuhi mpaka unalala. Hesabu yako mwenyewe: supu ya asubuhi, mchuzi uliotiwa viungo vya pakiti, kachumbari, na jioni chipsi ambazo muuzaji kashanyunyiza na wewe bado unaomba kopo la chumvi uongeze. Kijiko kilishaisha mchana.

Kwa upande wa sukari, Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wa DiRECT mwaka 2017. Waliwachukua watu wenye kisukari aina ya pili, ambao hawajazidisha miaka sita nacho na hawatumii insulini. Wakawalisha supu na vinywaji maalumu, kalori kama 850 tu kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa kwenye chakula taratibu. Baada ya mwaka, karibu nusu yao sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa yoyote. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ilikuwa 86 kati ya 100! Kwa hiyo ukisikia "sukari haina namna" sio kweli. Ila soma vizuri: dawa walisimamishiwa na kliniki, wakiwa wanapimwa, sio kila mtu kwa akili yake. Na baada ya miaka miwili waliobaki salama walikuwa kama theluthi moja hivi, maana kilo zikirudi na sukari inarudi. Wenye kisukari aina ya kwanza hii haiwahusu kabisa, wao wakiacha insulini wanakufa.

(Kuhusu dona: ndio, ni bora kuliko sembe, ina kapi na kiini chake. Lakini mlima wa dona bado ni mlima. Mjomba wangu haelewi hili.)

Hatari yenyewe iko wapi? Presha haiumi. Mama mmoja mtaani kwetu alianza unga, akajisikia mwepesi, akaacha vidonge. Hakupima hata siku moja, kwa sababu alikuwa anajisikia vizuri. Miezi michache mbele akapata kiharusi, na mpaka leo mkono wa kulia hauinuki. Huo unga pengine haukuwa sumu. Yule aliyemwambia vidonge vitamharibu figo ndiye aliyemponza, kwa sababu presha isiyodhibitiwa ndiyo inayoharibu figo.

Na kuna unga ambao sio majani matupu. Singapore mwaka 2008 karibu watu 150 ambao hawana kisukari walilazwa, sukari imeporomoka, wanne wakafariki. Wengi walikuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu za kiume, baadhi zikiuzwa kama za asili. Ndani yake kulikutwa glibenclamide, kidonge cha sukari cha hospitali. Kwa hiyo unga ukishusha sukari ghafla kama muujiza, jiulize umewekwa nini.

Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na lipo baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muulize muuzaji namba ya usajili. Kama mama ameshaamua kunywa, usigombane naye, atakunywa kwa kujificha. Mpeleke akapime kabla ya kuanza, aendelee na vidonge vyake, apime tena baada ya wiki mbili, namba ziandikwe kwenye daftari. Na daktari aambiwe anakunywa nini, kwa sababu majani mengine yakikutana na vidonge yanashusha sukari kupita kiasi.

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu. Huko mtaani kwako unga wa sukari unauzwa bei gani, na muuzaji anasema mtu aendelee na vidonge au aviache? Andikeni hapo chini, na mkoa mtaje.