Kuomba Nusu Kwanza Si Madharau

Wasee, hii tabia ya kuambia watu wana madharau juu wameomba nusu ya pesa kabla ya kazi, tuiache. Mpiga picha akisema "lipa nusu kwanza", ana madharau. Fundi wa nguo, madharau. Dem wa keki, madharau. "Kwani huniamini? Si nimesema nitalipa?"

Buda, hakuna mtu amekuuliza kama wewe ni mtu mzuri. Swali ni kama hayo maneno yako yamebeba kitu.

Maneno matupu hufanya kazi poa kabisa wakati wote tunataka kitu kimoja. Thomas Schelling, mchumi wa Marekani, aliandika juu ya hii kwa kitabu chake cha 1960. Aliuliza watu: unafaa kukutana na mtu New York leo, hamjapanga mahali wala saa na hamwezi kuongea, utaenda wapi? Wengi walichagua kituo cha treni cha Grand Central, saa sita mchana. Hapa Nairobi wengi wetu tungesema Archives. Ukinitext "niko Archives" nakuamini bila dhamana, kwa sababu ukinidanganya tunapotezana wote wawili.

Sasa geuza mchezo. Video nimeshakutumia. Mimi nataka pesa yangu leo, na wewe unafaidika kila siku unayochelewesha. Unaniandikia "nitatuma Ijumaa". Shida ni kwamba mwenye nia ya kulipa huandika hivyo, na asiye na nia huandika vivyo hivyo, hadi ile imoji ya kuomba msamaha anaweka. Hiyo sentensi itawatenganisha aje? Mwaka wa 1982 Vincent Crawford na Joel Sobel walionyesha kwa hesabu kwamba kadiri mnachotaka kinavyotofautiana, ndivyo maneno ya bure yanavyopungukiwa na habari. Mkitofautiana sana, ni kelele tu. Wahenga wetu walishasema: maneno matupu hayavunji mfupa.

Najua mtaniambia ahadi ni deni. Sawa, na hata mwanafalsafa J. L. Austin, kwa kitabu kilichotoka 1962, alisema ukisema "naahidi" hautoi habari, unafanya kitendo. Nakubali. Lakini kitendo kina uzito kama kuna kitu kitakupata ukikivunja. Kijijini ukivunja ahadi, kufika jioni kila mtu ameskia. Huku mjini unazima simu tu. Jana ulikuwa mteja wangu, leo ukipigiwa ni mteja hapatikani kwa sasa.

Na tusijifanye hii ni akili ya wazungu. Nenda kwa wazee useme unampenda binti yao, uongee kwa uzuri wote. Watakusikiliza, watakunywa chai, halafu watauliza habari ya mbuzi. Hawajakutusi. Wanajua "nampenda" hata mchezaji husema, lakini mchezaji hapandi matatu na wajomba wake na mbuzi kwa jambo la wikendi moja.

Ndio maana pia huwa ni nusu, si yote. Ukinilipa yote, mimi ndio naweza kula na kupotea, na wewe una haki ya kuogopa. Nusu kwa nusu, kila mtu ameshika kitu cha mwenzake. Hapo sasa nikisema "kesho itakuwa tayari" una sababu ya kuniamini, na wewe ukisema "nitamalizia" nina sababu pia.

Kama huna doo saa hii, sema. Tunaweza kupanga nikutumie kazi kidogo kidogo ukilipa kidogo kidogo, ama video ya kwanza ije na jina langu katikati hadi umalize. Mtu anayetuambia sisi vijana "tengeneza kwanza, tutaona vile tutafanya" ndiye anatukosea heshima, kwa sababu anataka hatari yote ikae kwetu, na bando na nauli tumelipa sisi.

Kwa hivyo ukiambiwa nusu kwanza, usinune. Lipa, ama leta mpango mwingine, ama kataa tuachane vizuri. Lakini "kwani huniamini?" si jibu. Hata tapeli huuliza hivyo.