Tulicheka Nini?

Wasomaji wenzangu, makala hii imezaliwa na ugomvi, kwa hiyo msitegemee upole.

Jumamosi moja tulijazana kwenye banda la video hapa Bariadi. Mabenchi ya mbao, turubai madirishani kuzuia mwanga, joto la kuivisha maandazi. Mwenye banda alikuwa ametangaza sinema ya Wakenya, Nairobi Half Life. Si sinema mpya. Ilitoka mwaka 2012, mwaka uleule ambao mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga. Lakini bandani sinema haizeeki. Ikichezwa leo ni ya leo.

Kwa ambaye hakuiona, nitaieleza kwa ufupi. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza mikanda ya sinema za mapigano, na ili auze anaigiza yeye mwenyewe vipande vya sinema hizo mbele ya wateja. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Anapanda gari kwenda Nairobi, na siku ya kwanza tu anaporwa kila kitu. Kabla hajajua alipo, yuko mahabusu. Humo ndani anakutana na Oti, kiongozi wa genge la wezi wa vipuri vya magari. Basi tangu hapo Mwas ana maisha mawili: huku anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani, kule anaiba. Kwanza vipuri, kisha magari mazima, kisha bunduki inaingia.

Ugomvi ulianzia kwenye choo cha mahabusu. Mwas analazimishwa kusafisha choo kichafu ambacho hata kukieleza hapa mhariri atanikatalia. Vijana wa benchi la mbele walicheka mpaka mmoja akadondoka chini. Dada mmoja aliyekaa karibu nami aliziba mdomo kwa khanga, na sijui mpaka leo kama alikuwa anacheka au anataka kutapika. Na mzee mmoja, fundi baiskeli ambaye sote tunamwita guku, alisimama akasema, "Wajukuu zangu, mtoto wa watu anadhalilishwa, nyinyi meno nje?" Akatoka zake. Kiingilio chake hakudai.

Sinema ilipokwisha tulihamia kwa muuza kahawa, na hapo ndipo watu walipotaka kushikana mashati. Nimesikiliza hoja zote usiku ule, na nimezisikia tena kwa wenzangu wanaojiita waandishi chipukizi. Nazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya wale ninaowaita "chagua moja". Wao wanasema sinema hii haijielewi: dakika hii inakuchekesha, dakika inayofuata mtu anauawa. Kama ni futuhi iwe futuhi, kama ni tanzia iwe tanzia. Eti ushahidi kwamba imeshindwa ni sisi wenyewe, kwa sababu watazamaji tuligawanyika.

Jamani, hivi sisi ni Wasukuma wa wapi? Wababu zetu wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vikundi hivi hukutana uwanja mmoja, siku moja, saa moja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Umati kugawanyika ndiyo ngoma yenyewe! Hakuna aliyewahi kusema mashindano yameharibika kwa kuwa watu wengine walikwenda kwa Bagika na wengine wakabaki kwa Bagalu. Sinema inayotukalisha wote kimya na kututoa wote na jibu moja hiyo si sinema, hiyo ni risala ya mgeni rasmi.

Na hili la kuchanganya msiba na mzaha mnajifanya mmelisikia leo. Mmesahau watani? Wazaramo ni watani zetu tangu enzi za misafara iliyokwenda pwani. Nani hajaona mtani akiingia msibani? Watu wanalia, yeye anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akikopa bila kulipa. Mtani mwingine anashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe. Mfiwa aliyekuwa hajala siku mbili anajikuta anacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Je, mfiwa huyo hajielewi? Anajielewa sana. Kicheko hakikuondoa msiba, kilimpa nguvu ya kuubeba mpaka makaburini. Shuleni tulifundishwa neno tanzia-ramsa tukalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukalitupa pamoja na madaftari. Kitu chenyewe kiko kwetu kabla ya darasa.

Hoja ya pili ni ya watu wa maadili. Hawa wanasema sinema inafundisha wizi, inaaibisha Mwafrika, na kazi ya sanaa ni kuelimisha. Nina heshima kwa watu hawa, wengi ni waliotufundisha kusoma. Lakini nawauliza, Mwas amenufaika nini na wizi ule? Anayetoka kwenye sinema ile akitamani kuwa mwizi alikuwa ameshatamani kabla ya kuingia. Tena walimu wa maadili wana historia ya kukosea. Mwaka 1971 jirani yetu wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, alitoa riwaya ya Rosa Mistika. Ikakatazwa shuleni kwa sababu ilisema waziwazi yale yanayowapata mabinti. Baadaye riwaya ileile ikaja kusomwa shuleni. Kitabu hakikubadilika hata herufi, ni wasomaji waliokua.

Ndani ya hoja hii ya pili kuna kisu kimoja kikali na sitakikwepa. Mshikaji mmoja alisema hivi: sinema ile ilisimamiwa na Wajerumani, Tom Tykwer na kampuni yake ya One Fine Day Films, na Mzungu anapenda kutuona chooni. Sehemu ya kwanza ni kweli, ilitengenezwa kwa ushirikiano na Wajerumani. Lakini mwongozaji ni Mkenya, David "Tosh" Gitonga, na lugha yake ni Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Ilipopelekwa kushindania Oscar kwenye kundi la filamu za lugha za kigeni ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya. Joseph Wairimu aliyeigiza Mwas alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban mwaka huohuo wa 2012, na Durban ni Afrika. Swali la nani anamcheka nani ni swali halali, tuendelee kuliuliza. Ila kule bandani Mzungu hakuwepo. Tuliocheka ni sisi.

Na kuhusu choo, wenye choo si sisi peke yetu. Mwaka 2019 Mkorea Bong Joon-ho alitoa Parasite. Ilichukua tuzo kuu ya Cannes mwaka ule, na Februari 2020 ikachukua Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa sinema isiyo ya Kiingereza. Nusu ya kwanza unacheka ujanja wa familia maskini inayojipenyeza kwa tajiri. Halafu mvua inanyesha, nyumba yao ya chini ya ardhi inafurika, na maji machafu yanaruka kutoka kwenye choo huku binti amekaa juu ya mfuniko anavuta sigara. Sioni kwamba Wakorea waliaibika. Dunia nzima ilijua mlango gani wa nyumba ile ni wa kwake.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma, maana ni ya benchi la mbele, na mimi nilikuwa benchi la pili. Hawa hawakuwa na hoja. Walisema tu: bomba, washikaji, tumecheka. Walicheka chooni, walicheka Mwas alipoporwa, na walipopigwa risasi vijana wa genge bado kuna waliokuwa wanacheka.

Sehemu ya lawama naipeleka kwenye mazoea. Banda la video lilitulea na wakalimani wa mikanda. Aliyejulikana zaidi ni yule tuliyemwita Lufufu, fundi kwelikweli, aliyechukua sinema ya Kihindi au ya Kichina akaisimulia kwa Kiswahili chake na utani wake juu. Watu kumi wanakatwa mapanga, sisi mbavu hatuna. Nampenda mpaka leo, na bila wakalimani kama yeye mimi nisingejua kusimulia. Lakini tulizoea kwamba anayekufa kwenye kioo ni wa mbali, na kifo chake ni nafasi ya mkalimani kuchomekea mzaha. Nairobi Half Life haihitaji mkalimani. Wanaokufa mle wanatukana kwa lugha yetu.

Sasa niseme langu, kwa sababu siwezi kuwanyooshea wenzangu kidole nikabakiza mkono mfukoni.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwepo mnadani siku aliposhikwa kijana aliyesemekana kaiba baiskeli. Sitataja mnada gani. Alizungukwa na watu. Akapigwa. Katikati ya kipigo mtu mmoja mcheshi akamuuliza, "Ulikuwa unaipeleka wapi, mashindanoni?" Umati ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, msomaji, sina pa kujificha. Ilikuwa kauli ya kuchekesha, imesemwa kwa wakati wake, na mdomo wangu ulifunguka kabla moyo haujauliza. Kijana yule alifariki jioni. Baadaye ikasemekana baiskeli ilikuwa ya mjomba wake. Ikasemekana siyo. Mpaka leo sijui ukweli, na sidhani kama yupo aliyefuatilia.

Kwa miaka sikuwahi kumsimulia mtu kwamba nilicheka. Nilisimulia kwamba nilikuwepo na nikasikitika. Kicheko nilikikata, kama anavyokata mhariri sentensi mbaya. Ilikuwa mle bandani, nikiwa nimefungua kinywa kumcheka Mwas na choo chake, ndipo niliposikia sauti yangu ya mnadani. Ni sauti ileile. Nikanyamaza. Kwa hiyo anaponiambia mtu kwamba sinema inayochekesha kwenye uchungu ni ya kipuuzi, namwambia hivi: kama ingekuwa ya kulia tu, ningelia na kujiona mtu mwema, nikaenda kulala. Kilio kingenisafisha, na sikustahili kusafishwa kirahisi hivyo. Kicheko ndicho kilichonikamata nikiwa nacho mkononi.

Mkumbuke mwisho wa sinema yenyewe. Genge linaangamizwa na polisi, wale wale waliokuwa wakila nalo. Mwas anaponea chupuchupu na kufika kwenye jumba la maigizo, akiwa na wafu wake kichwani, kwa sababu usiku ule ndio onyesho. Anapanda jukwaani. Watazamaji wa ndani ya sinema wanaona mwigizaji hodari. Hawajui anatoka wapi. Wanapiga makofi. Gitonga angeweza kumaliza kwa makaburi tukatoka na leso. Amemaliza kwa ukumbi umejaa watu waliovaa vizuri wanaoshangilia kitu wasichokielewa. Nani hao kama si sisi?

Basi nawageukia nyinyi mnaoandika. Nimesoma miswada ya wenzangu, na wao wamesoma wangu. Tuna ugonjwa mmoja. Msibani kwetu kila mtu analia kurasa nne. Mwizi wetu ni mbaya tangu tumboni mwa mama yake, na mcheshi wetu hana njaa wala kodi ya nyumba. Niliandika sura moja ambamo mkulima wa pamba anakufa akiwa kwenye foleni ya mizani, na wenzake wanabishana kama kilo zake zihesabiwe kwanza au mwili uondolewe kwanza. Mtu ninayemheshimu alinirudishia akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Usifanye mzaha na kifo." Nilikata. Ukurasa ukawa na heshima zote na haukuwa na mtu hata mmoja aliye hai ndani yake. Nimeurudisha. Anayetaka kuniondoa kwenye mduara wa waandishi kwa sababu hiyo aniondoe.

Sisemi kila msiba utiwe kichekesho. Mtani ana mipaka yake: anajua nani amefiwa, anajua lini anyamaze, na mwisho anashika jembe kufukia kaburi kama wengine. Mwandishi naye awe hivyo. Achekeshe, lakini jembe alishike. Anayechekesha kisha akaondoka kabla ya kufukia, huyo namweka pamoja na yule mcheshi wa mnadani.

Siku mbili baadaye nilipeleka baiskeli kwa guku kuzibwa pancha. Nikajua hakuisahau ile sinema, maana aliuliza bila kuniangalia, "Yule mtoto, iliishaje?" Nikamsimulia mpaka kwenye makofi. Akazamisha mpira kwenye karai la maji akitafuta tundu.

"Na hao waliopiga makofi, kuna aliyekwenda kumuuliza habari za nyumbani?"

Nikamwambia, guku, sinema iliishia pale.

"Basi nilikuwa sawa kutoka," akasema. Kisha, baada ya kitambo, "Lakini ningekaa."

Bado tunabishana, mimi na yeye na benchi la mbele. Mwenye hoja aje. Matusi pia yanapokelewa, mradi yawe yameandikwa vizuri.