Pambo la Noeli na mahameli ya Kasai

Mwandishi, asante kwa maelezo ya pambo la Noeli la mshono wa Bargello, lakini umeishia Florence tu, kwenye vile viti vya karne ya 17 vilivyoupa mshono huu jina. Sisi wa Lubumbashi tuna jamaa wa karibu zaidi: mahameli ya Wakuba wa Kasai. Wanaume hufuma kitambaa cha rafia, wanawake hukidarizi. Huupitisha uzi chini ya uzi mmoja wa kitambaa, wakaukata pande zote mbili bila fundo, na mchoro wote uko kichwani! Bargello ni nyepesi kuliko mahameli hayo: mishono wima, mara nyingi juu ya nyuzi 4, kila mmoja ukipanda au kushuka nyuzi 2. Ila mstari wa kwanza ukihesabiwa vibaya, mingine yote hufuata kosa lile lile, kwa hiyo anzeni katikati.

Hapa mtaani Golf, Lubumbashi, mvua ya Desemba huwafungia watoto ndani, basi wapeni sindano butu na sufu. Mimi rangi nyekundu na kijani za Noeli za dukani zimenichosha. Nachagua nyeusi, kahawia na manjano ya rafia. Tafadhali, makala yako ijayo itufikishe Mushenge, kwa mfalme wa Wakuba.