Makofi ya Kilo, Jibu Hakuna



Mwaka jana nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja huku kwetu Tabora, chini ya mwembe. Dada mmoja, ambaye alikuwa hajamaliza hata msimu tangu ahamie, akasimama huku akisokota pindo la khanga kidoleni. "Ile michango ya darasa tuliyotoa, mbona hatukupewa stakabadhi?" Mwenyekiti akatabasamu. "Mgeni wetu huyo! Makofi matatu ya kilo!" Pa! Pa! Pa! Tukahamia ajenda ya mbuzi wanaozurura. Nami nilipiga makofi, tena kwa nguvu. Swali likabaki pale pale vumbini.

Sisemi tuwakunjie wageni mikono. Kusimama mbele ya watu usiowajua kunatetemesha magoti, na makofi humpa mtu pumzi. Lakini mkutano uliofuata kijana mwingine mgeni alitushauri tuchanganye dawa ya tumbaku kwenye mahindi ya kula ili wadudu wasiyaguse. Tukampigia pia, asivunjike moyo. Bibi mmoja ndiye aliyemvuta pembeni: "Mjukuu wangu, ile ni sumu, utatuua." Kisha akaturudia sisi wapiga makofi, na hapo hakunong'ona.

Makofi matupu hayamzoeshi mgeni; Wanyamwezi wa zama za misafara walijua kumzoesha mtu kazi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto walibeba pembe ndogo za ndovu mabegani tangu utotoni, na kijana asiyetaka safari alisemwa kuwa anaatamia mayai nyumbani. Utani mkali huo! Ila itazame ile pembe: ndogo, lakini pembe kweli, na mtoto aliibeba mwenyewe.

Na mgeni haji mkutanoni kuomba hisani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inamhesabu kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu. Haiulizi babu yake kazikwa wapi. Mkoa huu una Ulyankulu, iliyopokea wakimbizi wa Burundi tangu 1972, na wengi wao leo ni raia wenzetu. Mimi mwenyewe babu yangu aliletwa na reli, nayo ilifika Tabora mwaka 1912 tu.

Tunapenda kusema mgeni siku ya tatu mpe jembe, tukiwaza kumtuma shamba. Zamani huku Unyamwezini jembe la chuma lilikuwa mali. Watu walilitoa kama mahari. Aliyekabidhiwa jembe alikuwa ameaminiwa.

Basi naomba, ndugu zangu. Mgeni akiuliza, ajibiwe kwanza, makofi yafuate. Akikosea, aambiwe siku hiyo hiyo, kwa adabu, kabla mtu hajaenda kufungua ghala. Tusimpigie mtu makofi kwa kuwa ni shemeji yetu au wa chama chetu, wala tusimnyamazie mwenye hoja kwa kuwa hana ukoo hapa. Wenyeviti, kofi lisitumike kufungia mjadala, mnajua ninachosema.

Yule dada bado anakuja. Hukaa nyuma kabisa, karibu na zilipoegeshwa baiskeli, na siku hizi hanyooshi mkono. Mkutano ujao, kabla ya ajenda ya mbuzi, mwiteni kwa jina lake, na mweka hazina aje na kitabu cha stakabadhi.